Tangazo la Tatu

Bibi harusi hasikilizi tangazo la ndoa yake. Pale kijijini Thornby kila mtu alijua kwamba ukilisikia likisomwa kanisani, utazaa bubu. Tangazo husomwa Jumapili tatu, kwa hiyo mbili za kwanza Keziah Thorley, mshona kofia za kike, alijifungia nyumbani. Leo ilikuwa ya tatu na ya mwisho, naye angejifungia tena, kama si kile kibao.

Miaka kumi na moja kibao cha duka lake kilibeba jina lake. Jana mchumba wake, Bwana Pym, mfanyabiashara wa nafaka, alimleta fundi wa rangi. THORLEY likafutwa, PYM likaandikwa.

"Nimekupunguzia kazi, mpenzi," alisema Pym, akijipapasa tumbo. "Jumanne ukishakuwa mke wangu, duka ni langu. Ndiyo sheria. Kofia zitapisha magunia."

Na Keziah, mwenye ulimi wa kumnyoa mtu bila maji, alijibu nini? "Asante, Bwana Pym." Asante! Tangu hapo neno hilo lilimchoma kooni.

Asubuhi alipofungua mlango wa duka, ambamo pia aliishi, alimkuta Tamar Eddowes, dobi, amesimama njiani anakitazama kibao. Mwaka juzi mume wa Tamar aliuza mashine ya mkewe ya kukamulia nguo, pesa akazinywea pombe, na hakimu akasema mali ya mke ni ya mume. Tamar alikuja kulia humu humu dukani. Keziah akamwambia, bila hata kuacha kushona, "Ulimchagua mwenyewe, shoga. Mimi nina akili zangu." Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sasa alingoja kusimangwa. Heri angesimangwa.

"Yangu iliuzwa baada ya harusi," Tamar alisema polepole. "Wewe hata pete hujavaa. Pole, dada." Akaenda zake kanisani.

Keziah alitamani ardhi ipasuke immeze. Amwendee Pym faraghani? Alijijua: angebembelezwa, na angesema asante tena. Akatwaa kofia yake, akatoka.

Aliingia kanisani wakati kasisi akiyasoma majina ya wachumba. Vichwa viligeuka. "Jamani, huyu atazaa bubu!" mama mmoja alinong'ona.

"Kama yupo ajuaye kizuizi chochote," kasisi alisema, "na aseme."

"Napinga," alisema Keziah, uso ukimuwaka.

Pym alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka. "Kaa chini, mpenzi. Unajiaibisha."

"Najua."

Kasisi alivua miwani. "Unapinga kwa sababu gani, binti yangu?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoroka. "Alifuta jina langu," alisema, "nami nikamwambia asante."

Kanisa likaangua kicheko. Mpaka watoto walicheka, bila kujua wanacheka nini.

Kwenye benchi la nyuma, la wasio na uwezo wa kulipia viti, Tamar hakucheka. Alisogea, akakusanya sketi yake, akampa nafasi. Keziah akakaa. Kijiji kizima angeweza kukikabili siku hiyo, hata Pym, lakini kumtazama Tamar usoni hakuweza.