Wambura Anazaliwa Nairobi

Lydiah alitoka kwenye chumba cha skani akauliza choo kiko wapi. Hilo ndilo swali pekee lililomjia. Daktari Kagwiria alikuwa amemweleza taratibu, kidole kikiwa kwenye skrini: mtoto ni msichana, na mishipa miwili mikubwa ya moyo wake imebadilishana mahali. Tumboni hana shida, kwa kuwa mama anampumulia. Shida itaanza akizaliwa.

"Kwa hivyo tusingoje uchungu ukukute hapa Embu," daktari alisema. "Utaenda Nairobi mapema. Akitoka tu anawekewa dripu ya dawa, halafu upasuaji baada ya siku chache. Watoto wengi wakipangiwa hivi wanapona."

Lydiah aliitikia sawa, sawa, kama mtu anayeelekezwa duka la viatu. Alipofika nyumbani, mtaa wa Dallas pale pale Embu, aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Mumewe, Munyi, alilia pale jikoni, naye akamsogezea kitambaa cha meza. Machozi yake mwenyewe aliyatafuta, hakuyapata.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, nacho ni jina. Kwao, binti wa kwanza huitwa jina la nyanya yake mzaa baba, na nyanya huyo huhesabiwa kuwa amezaliwa upya. Mamake Munyi, Wambura, mkulima wa chai kule Kibugu, alikuwa akingoja kuzaliwa tangu siku ya harusi na hakumficha mtu. Lydiah aliona si haki kumbebesha jina hilo mtoto ambaye huenda asimalize wiki. Na kama mtoto hana hata jina, aliwaza, haraka ya kumkimbiza Nairobi ni ya nini? Akaahirisha safari. Akaahirisha tena. Munyi alipoona siku zinaisha akampigia mamake simu.

Wambura alikuja na gunia la nduma na mdomo usio na breki.

"Mama, nimefikiria," Lydiah alimwambia kabla hajakaa. "Jina lako tuliweke kwanza. Tutampa yule atafuata."

"Mtaliweka wapi?"

"Tuliweke tu, Mama."

"Yaani mnaniweka kwa kabati kama zile vikombe za wageni!" Wambura alikasirika kwelikweli, hata kitambaa cha kichwa kikamlegea. "Nani alikwambia nataka kuzaliwa nikiwa mzima? Ile mara ya kwanza nilizaliwa kwa shamba, mama yangu akiwa na kikapu ya majani mgongoni. Hakuna mtu alikuwa ananingoja. Saa hii daktari amechungulia ndani, ameona shida yangu, ananiwekea dawa tayari hata kabla nifike. Na wewe unanikalisha Dallas?"

Akainama mpaka tumboni. "Wambura, twende. Hawa watatuchelewesha."

Lydiah bado hakuhisi kitu. Lakini aliinuka, akatafuta begi.

Nairobi walikuwa wanajua wanamngoja nani. Mtoto alitoka midomo ikiwa ya samawati, akalia kidogo, mikono ikampokea, dripu ikaingia, akasukumwa nje kwa kitanda cha magurudumu. Mamake aliona kisogo tu. Akabaki akitazama dari, mwili umekufa ganzi na moyo pia.

Ndipo akasikia sauti ya Wambura nje ya mlango. Alikuwa akiongea kwa simu na dadake, Gladys, kwa kelele, utadhani Kibugu ingemsikia hata bila simu.

"Ni mimi! Nimezaliwa! Eeh, nimelia mwenyewe. Hapana, sijapona, watanitengeneza moyo wiki hii. Mniombee." Kisha sauti ikashuka. "Gladys, mimi naogopa."

Lydiah alilia. Alilia mpaka muuguzi akaja mbio kuuliza kinachomuuma.

"Ni Wambura wangu," alisema, akijaribu kuketi. "Anaogopa. Nipelekeni kwake."