Chuma Chini ya Mto

Siku ya ishirini na mbili ya uzazi wa Mwanakheir, mama yake, Bi Shemsa, aliutafuta mkasi wake nyumba nzima asiuone. Kanzu ya watu ilikuwa mezani, imeshapigwa chaki, inangoja kukatwa. Akapekua kikapu cha nyuzi, akainua mfuniko wa cherehani. Mwisho akamwuliza Bi Sichana, mama mkwe wa Mwanakheir, aliyekuwa uani akipeta mchele.

"Nimeuweka mahali pake," alisema Bi Sichana.

"Mahali pake ni mezani."

"Mahali pake ni chini ya godoro la mzazi. Lililomwingia yule si la kisu kimoja."

Kisu kiliwekwa chini ya mto tangu usiku wa kwanza, kama kwa mzazi yeyote pale Malindi ya Unguja, maana mzazi na kichanga ni walaini na shetani hukimbia chuma. Hilo halikumshughulisha Bi Shemsa. Kilichomshughulisha kilianza wiki ya pili. Mwanakheir aliacha kulala. Akaacha kumshika mtoto. Ukifika wakati wa kunyonyesha, ilibidi mtu amshike Wanu mdogo amwekee kifuani, na mama mwenyewe ameikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani. Kisha siku moja akasema, "Kiondoeni kisu."

Bi Sichana, aliyekuja kutoka kisiwani Tumbatu kumtunza mkaza mwanawe, alipiga makofi. "Mmesikia? Anayeogopa chuma ni nani?"

Jibu walilijua wote. Ukaongezwa msumari, na sasa mkasi. Ijumaa Silima, mume wa Mwanakheir, angekuja kutoka kazini Kizimbani, na mzazi angepelekwa Tumbatu kwa Machano, mganga, akapungwe siku saba. Wanu angelelewa na shangazi yake mpaka mama atakate. Atakate lini, hakuna aliyesema.

Bi Shemsa hakuwa mtu wa kuwakanusha mashetani. Khaloo yake mwenyewe, dada wa mama yake, alikuwa kiti cha shetani, na akipandisha alisema Kiarabu ambacho hakukisoma. Lakini kanzu haikatwi kwa meno. Akaingia chumbani, akatia mkono chini ya godoro.

Mwanakheir alikuwa amegeukia ukutani. "Unautoa?"

"Nautoa. Nina kazi ya watu."

Mabega ya binti yake yakashuka. Bi Shemsa aliyaona yakishuka, kama nguo iliyofunguliwa pini. Akasimama na mkasi mkononi. Kisha, asijue kwa nini, akatoa na kisu, akatoa na msumari, akavifunga pembeni mwa kanga yake.

Mwanakheir alilala tangu adhuhuri mpaka alasiri.

Badala ya kufurahi, Bi Shemsa alikata shingo ya kanzu kombo. Kama shetani ndiye aogopaye chuma, basi chuma kimeondoka na aliyelala mle ndani ni shetani, amestarehe. Kama aliyelala ni Mwanakheir, basi kilichokuwa kikimkosesha usingizi ni dawa yenyewe. Usingizi mmoja, na hakujua ni wa nani.

Bi Sichana alipotandua kitanda alipiga ukelele. "Bi Shemsa! Umemfungulia mlango!"

"Nimemfungulia, akaingia kulala?"

"Ndivyo wafanyavyo. Hulala wakapata nguvu."

"Na asipolala?"

"Anahangaishwa na chuma."

"Kwa hivyo akilala shetani, asipolala shetani. Mwenzangu, hata chaki yangu ikikosea hufutika."

"Cheka. Mjukuu ni wako na wangu. Akidhurika utamshonea nini, sanda?"

Neno lile lilimwingia. Akalifungua fundo la kanga, akakitoa kisu, na Bi Sichana akakirudisha chini ya mto kwa bismillahi. Wanu akalia. Mwanakheir akaruka kutoka kitandani, akajibana pembeni mwa chumba, mikono kwapani.

"Umeona?" alisema Bi Sichana.

Bi Shemsa alikuwa ameona, ila hakujua ameona nini. Akampakatisha Bi Sichana mtoto, akamtoa nje, akafunga mlango kwa komeo.

"Mimi si mganga wa kukuuliza jina," alimwambia binti yake. "Jina lako nalijua, nililitoa mimi. Kisu kinakufanya nini?"

Mwanakheir akageukia ukutani.

"Mwanakheir!"

"Naam, Mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Utanichukia."

"Nimekuchapa mara ngapi katika dunia hii? Nilikuchukia?"

Mwanakheir akaangalia miguu yake. "Nnauona mkono wangu. Mtoto kalala, nao unakwenda kukichukua kisu. Sitaki, Mama. Wallahi sitaki. Nikifumba macho nnauona, nikifumbua nnauona. Nikajisemea kiondoke tu kisu, mkono utapumzika. Mkaleta msumari. Mkaleta mkasi."

"Ndiyo maana unaikalia mikono."

"Ndiyo maana."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bi Shemsa alimwogopa mwanawe. Alitamani kutoka mbio, amnyakue Wanu, wafike hata Bububu. Mama gani humwaza hivyo mtoto? Pengine aliyesema ndiye hasa yule shetani aliyetafutwa, ameona komeo limefungwa akajitaja. Lakini mtu anayetaka kudhuru haombi silaha iondolewe. Hapo ndipo aliposhika. Hakukuwa na pengine pa kushika, na hapo penyewe palikuwa pakiteleza.

Akakitoa kisu, akatoka nacho. Usiku ule alilala chumbani, yeye na Wanu kwenye mkeka, Mwanakheir kitandani. Bi Sichana alimwuliza mara tatu kaambiwa nini. Hakumjibu. Akisema, mtoto anaondoka leo. Asiposema, na kikatokea cha kutokea, atamwambia nini Mungu?

Ijumaa asubuhi Silima alifika na gari ya kukodi, ameiacha njia kuu, ya kuwapeleka Mkokotoni wakavuke. "Shikamoo, Mama," alimwamkia Bi Shemsa, hamtazami usoni.

"Marahaba. Hapelekwi Tumbatu. Anapelekwa hospitali."

"Mzazi hatoki kabla ya arobaini!" alisema Bi Sichana.

"Kumbe Tumbatu ni uani?"

Bi Sichana akakaza kanga kiunoni. "Haya, hospitali. Utamwambia daktari anaumwa nini? Homa hana, kidonda hana. Ugonjwa huo una jina?"

Jina Bi Shemsa hakulijua. Silima alimtazama huyu, akamtazama yule, kisha akaenda kusimama mlangoni mwa chumba.

"Mwanakheir, nikupeleke wapi?"

Tangu yaanze, hakuna aliyemwuliza anachotaka.

"Kwa daktari," alisema. "Nna neno la kumwambia. Ntalisema mwenyewe."

"Anayesema ni nani hapo?" Bi Sichana alinong'ona. "Silima, anayesema ni nani?"

Silima alimwangalia mkewe. "Sijui, Mama. Yeyote anayesema, ndiye niliyemwoa."

Bi Sichana akachukua buibui lake msumarini, akambeba Wanu. "Mtoto ntampakata mie," alisema kwa hasira, "na ntamsikiliza huyo daktari wenu."

Wakashuka ngazi, wakapita uchochoro mpaka njia kuu. Silima akafungua mlango wa gari. Bi Sichana akaingia na mtoto upande wa huku, Mwanakheir akazunguka upande wa pili, akasita.

"Mama, kaa kati yetu."

Bi Shemsa akajipenyeza katikati. Gari ikaondoka, na yeye akakaa wima kama ubao, bega moja kwa mjukuu na bega jingine kwa binti, asijue anamlinda nani asidhuriwe na nani.