Kibao Namba Sita

Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, alisema kisimani kwamba siku ile ya vipimo hakulala kitandani. Alisema aliingia tu mle chumbani, akamkuta nesi anahangaika na simu iliyogoma kushika mtandao, akaona hapa nitakauka bure, akatumbukiza kibao chake kwenye beseni na kutokea mlango wa nyuma. Kwa hiyo picha ya namba sita si ya tumbo lake. Labda ni ya tumbo la nesi mwenyewe.

Hilo la tumbo la nesi alilisema huku anacheka, na wenye ndoo wakacheka naye. Mimi sikucheka. Siku ya vipimo nilikuwa kwenye benchi, hatua tano kutoka kwenye pazia, na mimi nikikaa mahali kazi yangu ni kutazama. Nilimwona akitoka. Alikuwa anajifuta tumbo kwa pindo la kanga, yale mafuta ya baridi wanayopaka.

Bora nieleze tangu mwanzo, maana kosa ni langu pia.

Zahanati yetu haikuwahi kuwa na kipimo cha picha. Mjamzito akitaka kujua mtoto amelalaje tumboni, alisafiri kutwa nzima mpaka hospitali kubwa, na wengi hatukwenda. Tuliyajua ya tumboni siku ya kuzaa. Mwaka huu wakaleta kimashine kidogo, ukikiona utadhani pasi ya mtoto ya kuchezea, kimeunganishwa na simu kwa waya. Nesi anakipitisha tumboni mara sita, juu chini, kulia kushoto. Picha zenyewe hazisomi. "Mimi napiga pasi tu," alituambia, "anayekagua mikunjo ni daktari kule hospitali." Picha zinakwenda kwa simu, majibu yanarudi baada ya siku mbili. Kimashine kinazunguka zahanati nne. Kwetu kinakaa siku moja kwa mwezi, wanawake ishirini, wa ishirini na moja arudi kwake.

Ndiyo sababu ya vibao. Asubuhi karani anakaa mlangoni, anaandika jina lako kwenye daftari na kukupa kibao cha mbao chenye namba. Ukiingia kwa nesi unakitia kwenye beseni, naye anaingiza namba hiyo kwenye simu, basi. Mle ndani hakuna jina la mtu. Walisema ni kwa ajili ya siri.

Mimi nilifika alfajiri nikapata sita. Mama Pacha alikuja jua limeshapanda, akapata kumi na tisa. Yeye ni dobi, na alikuwa ameacha nyumbani mashuka ya nyumba ya wageni yamelowekwa, na wingu limetanda. Akawa anakaa, anainuka, anachungulia mbingu, anakaa tena.

"Bibi harusi," akaniambia, ndivyo anavyoniita, mwaka wa pili sasa, "wewe una haraka ya kwenda wapi? Tumbo lenyewe hilo, mtu angedhani umeshiba tu."

"Chukua changu," nikasema. "Nipe chako."

"Kweli?"

"Sina nguo za watu zinazoningoja."

"Mungu akupe mapacha! Hapana, ulimi umeteleza. Akupe mmoja. Mapacha nawajua mimi."

Tukabadilishana. Kwetu zamu ni kitu cha kupeana. Kisimani tunashikiana nafasi, kwenye mashine ya kusaga tunapishana, mwenye mtoto anayelia hutangulia. Sikuwaza mara mbili.

Siku ya tatu nesi akaja nyumbani kwetu mwenyewe, kwa miguu, jua la saa sita. Mama mkwe akamtolea kigoda. Nesi huyu hana hata mwezi hapa, nyuso zetu bado hazijamkaa. Akafungua karatasi, akasoma jina langu, akaniangalia usoni.

"Kondo la nyuma limekaa chini," akasema. "Limeziba njia ya mtoto. Uchungu ukianza litachanika, na damu yake haimsubiri mtu atafute gari. Kwa hiyo huzai nyumbani, wala hapa kwetu. Utalala nyumba ya kusubiria, pale pembeni ya hospitali, mpaka siku ya kupasuliwa. Nimekuombea kitanda, na kilikuwa kimebaki kimoja. Gari la wagonjwa litakuja kesho saa nne. Na ukiona damu kabla ya hapo, hata tone, usiseme haiumi. Hii huwa haiumi. Nitumie mtu mbio."

Mama mkwe akashika kichwa. Mimi nikaona ukuta unanisogelea. Kisha nesi akageuza karatasi na kusema, "Kibao namba sita," na roho yangu ikarudi mahali pake. Nilifurahi. Sitaficha. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa kuwa msiba ni wa nyumba ya pili. Lakini nyumba ya pili ndiyo ile, na kupitia ukuta nilikuwa namsikia anafikicha nguo.

"Dada nesi," nikasema, "sita sikuwa mimi."

Nilipomweleza alifumba macho kwanza. "Vibao vile si ndoo za maji, mdogo wangu." Akafunua karatasi nyingine, akatafuta kumi na tisa. Mtoto amelala vizuri, kondo liko juu, kila kitu mahali pake. Jina lililoandikwa ni la Mama Pacha. "Basi haya ndiyo yako," akasema, "kama unasema kweli."

"Nasema kweli."

Akatoka kwenda kwa jirani. Tukasikia sauti ya nesi, chini kwa chini, kisha sauti ya Mama Pacha ambayo haijawahi kuwa chini. Nesi akarudi anajifuta jasho.

"Anasema hakupimwa. Kimashine kiko zahanati nyingine, hakirudi mpaka mwezi ujao, na yeye anaingia mwezi wa nane. Hospitali watamrudia kipimo kwa dakika kumi tu, kama si yeye arudi zake. Lakini apande gari. Mimi simfungi mtu kamba."

Alipoondoka, mama mkwe aliniita jikoni.

"Nenda wewe," akasema.

"Mama, yangu yako sawa."

"Kwa maneno ya vibao vilivyochanganywa? Kitanda kimeandikwa jina lako. Kinga haijamuua mtu."

"Nikikilalia mimi, yeye atalala wapi?"

Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Yule hendi," akasema mwishowe. "Unajua ya mdogo wake? Aliondoka kwao kwa miguu yake kwenda kupasuliwa, damu ikamwanza njiani, akatolewa hospitali kwa shuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata umbebe mgongoni, hendi."

Jioni ndipo Mama Pacha akayasema kisimani yale niliyoanza nayo. Kila aliyecheka alikuwa anampa nguvu ya kuyasema tena, na kila alipoyasema yalizidi kunyooka. Mara ya tatu hata mimi nilianza kujiuliza kama niliona vizuri. Niliweka ndoo kichwani, nikaenda zangu. Nilikuwa nahesabu saa tu.

Asubuhi, saa tatu na nusu, nikavuka kwake bila kubisha. Pacha walikuwa wamekwenda shule, mume yuko kazini. Mashuka ya wageni yalikuwa yametanda kwenye kamba, meupe, yananuka sabuni. Yeye alikuwa amechutama nyuma ya mlango, na beseni dogo. Dobi hafulii nyuma ya mlango. Hafulii nguo moja peke yake.

Maji yalikuwa na rangi ya waridi.

"Bibi harusi, siku hizi umekuwa paka? Unaingia kimya kimya."

"Imeanza lini?"

"Nini?"

"Dada, nina macho."

Akaendelea kufikicha. "Juzi kidogo. Leo kidogo. Haiumi hata chembe. Kwa pacha nilitoka damu zaidi ya hii, na hao wanavunja vyombo vya watu huko shuleni."

"Nesi alisema hii huwa haiumi."

"Nesi alimwambia namba sita."

"Namba sita ni wewe. Nilikupa kwa mkono wangu huu."

Hapo akaacha kufikicha. Uso wake ulikuwa kama wa mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Nilimsuka mwenyewe asubuhi ile," akasema. "Mdogo wangu. Mistari midogo midogo, ili asisumbuke nywele akiwa kitandani. Akaniambia, dada umekaza mno, kichwa kitaniuma kuliko tumbo. Tukacheka. Ndiyo maneno ya mwisho hayo."

Nilichutama mbele yake. Nilitaka kumwambia kwamba mdogo wake alifikishwa akiwa amechelewa, damu imeshamwishia njiani, mama mkwe ndivyo alivyonisimulia. Nilitaka kumwambia wakimpasua yeye mapema, kabla ya uchungu, si kitu kile kile. Nesi ndivyo alivyosema, lakini mimi ni wa darasa la saba, na maneno ya nesi kinywani mwangu yanageuka kuwa ya kuazima.

Gari likapiga honi barabarani. Nilimsikia mama mkwe akimwambia dereva angoje, na dereva akimjibu kwamba kuna mgonjwa mwingine njia panda, dakika tano, si zaidi.

"Nitapanda na wewe," nikasema. "Alfajiri nilipita kwa nesi nikamwambia. Kitanda ni chako, mimi nitalala chini kwenye mkeka. Pacha watakula kwetu. Mashuka mama mkwe ataanua na kuyapeleka. Wakianza kukusogelea na visu vyao nitakuwa mlangoni, na sauti ninayo, hamjawahi kuisikia tu."

Mdomo wake ulitaka kucheka, ukaacha.

"Dada, inuka. Nipe mkono tu, twende."

Alikuwa anatazama maji. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya beseni, haisogei, na nje dereva alikuwa amewasha gari.