Msamaha Uliotiwa Muhuri

Mvua ilipenya pale pale ilipozoea kupenya, juu ya kichwa cha kitanda, na Ndaya akamsogeza mama yake pamoja na godoro lake hadi kwenye ukuta wa pili. Ukuta huo nao ulikuwa na unyevu, lakini angalau haukutiririka maji. Mama Mbiya hakulalamika. Alikuwa na miaka themanini na moja, miguu imevimba, na kila mvua iliponyesha aliuliza swali moja tu.

"Na kule kwetu, manjanja inavuja?"

"Hapana, mama. Manjanja ya papa haivujake."

Mabati yale hayakuwa yakivuja kweli. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na baraza, ambayo Kalombo, baba yake Ndaya na karani wa reli, aliijenga kwa mshahara wa miaka tisa, ilikuwa mwendo wa robo saa tu kutoka hapo. Chini ya mabati yake alilala mtu mwingine, mkavu.

Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipoambiwa waondoke Kamina warudi kwao, Kalombo alimpa funguo Zébédée Kapenda, jirani yake na karani mwenzake, mtu waliyekaa naye benchi moja kanisani. Alimwambia, unilindie. Kisha akapanda treni na mkewe na binti yao wa miaka kumi na minne, akafia njiani, akazikwa kando ya reli kwenye shimo ambalo Ndaya leo hawezi kumwonyesha mtu. Mama na binti waliporudi Kamina baada ya miaka kumi na mitano, Zébédée aliwakaribisha chai, akawaketisha kwenye viti vya Kalombo, akawaeleza kwa upole kwamba nyumba ni yake, kwani asingekuwa yeye wahuni wangeichoma. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa amekaa hata kwenye kola.

Kwa hiyo Ndaya alishona nguo za watu kwa miaka, akakusanya, akafungua kesi. Kesi ilikaa miaka minne mahakamani. Sasa hakimu angetoa hukumu Jumatano.

Jumamosi hiyo ya mvua alikuwa akichemsha maua mekundu ya ngaingai, maana kanisa la Bethania halikuwa na uwezo wa divai na kamati ya wanawake ilimwachia yeye kazi ya kutengeneza kinywaji cha meza ya Bwana. Aliyachemsha vizuri, akayachuja mara mbili. Na kila mara alipochuja alimwona akilini Zébédée akiinua kile kigilasi kidogo cha meza ya Bwana, na alimwomba Mungu kimsakame kooni. Haya yalikuwa maombi yake, na tusimpambe. Wengine wakisali Baba Yetu, yeye akifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea alifunga mdomo, akawaacha wenzake wamalizie.

Mchungaji Amédée aliingia akiwa na mwavuli. Hakuketi, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa kimelowa.

"Mama Ndaya, kesho tutamuwekea papa Zébédée mikono. Atakuwa kiongozi wa bakristu bote ba paroisse. Unajua sheria yetu. Kama kuko muntu mwenye kuwa na neno naye, hatuwezi kumubariki."

"Minyi niko na neno, pasta."

"Njo maana nimekuya."

"Alikamata nyumba ya papa yangu."

"Ile ni mambo ya juge. Juge iko na kazi yake, Jumatano atasema. Minyi nakuya juu ya roho yako. Unafikiri utaingia mbinguni na ile kintu mu roho?"

"Na yee? Ataingia na nyumba ya papa?"

Mchungaji alicheka kidogo, kama anayemcheka mtoto. Kisha akalitazama godoro, na mzee aliyelala juu yake, akateremsha sauti.

"Mama mukubwa huyu, siku Mungu atamuita, nani atamuzika? Si sisi? Kanisa haizikake bantu ba kinyongo, mama. Fikiri muzuri."

Alipotoka, Mama Mbiya alinyoosha mkono, akashika upindo wa nguo ya binti yake.

"Samehe, mwananyi. Minyi nilisha kuchoka. Juge atatupatia nyumba, na Mungu atatupatia usingizi. Ni bintu bibili mbalimbali."

Usiku kucha Ndaya alipigana na Mungu. Alimwambia ukweli wote, kwamba chuki ilikuwa imemlisha pale chakula kilipokosekana, na kwamba akiiacha hajui atasimamia nini. Lakini kulipokucha alikuwa amechoka kama mama yake. Alitaka, hata kwa siku moja, kuimaliza sala ile nzima ya Baba Yetu kwa mdomo wake mwenyewe.

Bethania ilijaa. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno na ndugu huyu. Ndaya akasimama, akatembea hadi mbele. Zébédée alikuwa na suti ya kijivu na macho yenye machozi. Alikuwa mzee wa kulia kwa urahisi. Ndaya akamtazama, akasema, kwa sauti ambayo hata wa mlangoni walisikia:

"Papa Zébédée, ile yote ulitutendea, minyi nakusamehe. Mbele ya Mungu."

Wakakumbatiana. Mzee alinukia sabuni nzuri. Wanawake walipiga vigelegele, ngoma zikalia, na Ndaya alilia kwa kweli, kwa sababu kitu kilikuwa kimemtoka kifuani, kikubwa kama jiwe la kusagia. Gamaliel, katibu wa kanisa, akamletea daftari kubwa lenye jalada jeusi.

"Signature yako hapa, mama. Ni ya rapport ya conférence, ya bakubwa ba kanisa."

Alisaini bila kusoma. Nani husoma karatasi mbele ya madhabahu, kanisa zima likimpigia makofi?

Jumatano alivaa kitenge chake cha sikukuu. Wakili wa Zébédée, Maître Jérémy, hakuzungumza sana siku hiyo. Alitoa nakala ya ukurasa mmoja wa lile daftari jeusi, wenye muhuri wa zambarau wa Bethania, akaisoma kwa Kifaransa, kisha hakimu akamfafanulia Ndaya kwa Kiswahili: kwamba yeye, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi mia tatu, amemsamehe Kapenda Zébédée mambo yote ya ile parcelle, kiwanja na nyumba yake, na hadai tena kitu kwake wala kwa wazao wake.

"Ni signature yako, mama?"

"Ni yangu, lakini minyi nilisamehe mu kanisa, juu ya roho yangu, haikuwa juu ya nyumba..."

"Njo yako ao hapana?"

"Njo yangu."

"Basi bakristu walisha kupatana. Tribunal iko na kazi gani tena?" Hakimu alifunga faili, na hata alitabasamu, kama mtu aliyeshuhudia jambo jema.

Afadhali kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ndaya alisimama kwenye ngazi za mahakama, na mchungaji, ambaye naye alikuwepo, akamshika bega. "Mungu anaona, mama. Hazina yako iko juu." Zébédée alipita akavua kofia kwa adabu.

Njiani chuki ilirudi, na ilirudi na jamaa zake. Ndaya alimwomba Mungu kwa sauti, watu wa sokoni wakimgeukia, amng'oe Zébédée meno yote, amtie upofu, awafanye watoto wake kuwa wapangaji katika nyumba inayovuja hadi kizazi cha nne. Hakuwa amewahi kusali kwa imani kubwa hivyo. Nyumbani alimdanganya mama yake kwamba hakimu amesogeza siku mbele.

Jumapili iliyofuata alingoja saa ya ushuhuda. Zébédée alikuwa ameketi mbele, kwenye kiti kipya cha kiongozi. Ndaya akasimama kabla hajaitwa.

"Dimanche iliyopita nilitoa musamaha hapa. Leo nimekuya kuukamata. Musamaha yangu nairudisha kwangu. Papa Gamaliel, weye njo uliandika ile. Andika na hii."

Gamaliel alimtazama mchungaji, kisha dari.

"Andika!"

"Shetani iko hapa," alisema Tamar, mwenyekiti wa kamati ya wanawake, na kiongozi wa kwaya akainua mkono waanze wimbo. Lakini Zébédée alisimama, akawatuliza kwa viganja viwili. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka.

"Bandugu, musimulaumu. Dada yetu iko na maumivu. Minyi, mbele yenu bote na mbele ya Mungu, namusamehe."

"Amina!" Kanisa lilitikisika. Hapo ndipo Gamaliel alipofungua daftari, akalowesha kidole, akatafuta ukurasa mweupe, akaandika mistari minne kwa mwandiko wake mzuri. Akautia muhuri papo hapo. Kisha akaja na daftari na kalamu hadi mbele ya Ndaya, akainama kwa heshima.

"Signature, mama. Kwamba umepokea musamaha."

Ndaya akaichukua kalamu, akaivunja vipande viwili. Wino ukamtiririka vidoleni hadi kwenye kitenge. Akavitupa vipande miguuni pa Zébédée, akampa kisogo, akatoka katikati ya mabenchi, na hakuna aliyemzuia.

Alipofika uani, jua likiwa kali na matope yakianza kukauka, alisikia sauti ya mchungaji kupitia dirisha.

"Nani atasaini kwa jina la mama Ndaya?"

Mabenchi yakakwaruza simenti, watu wakisimama, na hawakuwa mmoja wala wawili.