Uso wa Bosibori

Mwaka 1998 Subhash alikuwa na studio ya picha mjini Kisii, na katika chumba cha nyuma kompyuta moja ya kuhariria video. Ililetwa kutoka Nairobi na Kartik, mtoto wa kaka yake, ambaye aliiunganisha, akaipanga, kisha akaagiza kwamba mpangilio wake usiguswe na mtu. Aliyeitumia kila siku alikuwa Bijal, binti wa Subhash, mwanamke aliyezaliwa mji huohuo na aliyekizungumza Kigusii kwa wepesi kuliko Kigujarati cha nyumbani kwao.

Picha zilipotoka kwenye kanda kuingia kwenye kompyuta, ilikuwa lazima zibanwe, la sivyo diski ingejaa kabla bibi harusi hajafika kanisani. Namna za kubana ni nyingi, na wenye kazi hiyo huziita kodeki. Kuna zinazobana kwa upole, na kuna zinazokamua, zikitupa hasa yaliyo gizani. Kartik alichagua ile inayokamua, ili harusi kadhaa zikae pamoja kwenye diski. Kwa harusi za juani, zenye mashela meupe na nyasi mbichi, hakuna mteja aliyelalamika.

Kisha ikaja kazi ya Thadeus.

Thadeus alikuwa mkulima wa chai kutoka Itumbe. Yeye na ndugu zake walimfanyia mama yao, Bosibori, sherehe ya shukrani, na Bijal ndiye aliyeshika kamera. Mvua ilinyesha, watu wakaingia ndani, na bibi huyo akaketi kando ya dirisha, kitambaa cheusi kichwani. Akasimulia jinsi alivyopanda miche yake ya kwanza ya chai wakati mumewe akimcheka na kusema haitashika. "Ikashika," alisema, akacheka hadi akajifuta macho. Hazikupita wiki nyingi akafariki, video ikiwa bado haijahaririwa.

Bijal alipoifungua kwenye kompyuta, uso wa Bosibori ulikuwa kwenye giza. Akaongeza mwanga, akarekebisha rangi. Uso ukapasuka vipande vya mraba, vya kahawia na vya kijivu, kama ukuta wa matofali yaliyochomwa vibaya. Macho hayakuwepo. Akaichukua kanda yenyewe, akaitia kwenye deki na kuitazama kwenye televisheni. Bosibori akatokea. Kivuli kilikuwepo, ndiyo, lakini ndani yake kulikuwa na mikunjo ya mashavu, na meno, na yale macho yenye machozi ya kicheko.

Bijal akamwita baba yake. "Papa, njoo uone."

Subhash akatazama huku, akatazama kule. "Basi ongeza mwanga."

"Nimeongeza. Hakuna kilichobaki cha kuangazia. Kodeki ya kaka Kartik imeutupa uso tangu mwanzo."

Subhash hakupenda kubishana juu ya mashine asiyoielewa. Akampigia Kartik simu, kisha akampa Bijal mkono wa simu.

"Watu weusi ndani ya nyumba hawatoki vizuri," Kartik alisema. "Ndivyo ilivyo kote. Mpe mteja kanda yake, ufunge kazi."

"Kwenye kanda ametoka. Wewe ndiye uliyemtoa."

"Ukibadilisha, diski itajaa. Halafu usinipigie."

"Sikupigi. Papa ndiye aliyepiga."

Subhash alimnyang'anya simu, akaomba radhi kwa Kigujarati, akakata. "Thadeus anakuja kesho," alisema. "Utamwonyesha hiyo iliyopo. Sitaki maneno."

Kesho yake Thadeus akaja na dada yake, Nyamoita. Wakaketi mbele ya kompyuta, na Subhash akasimama nyuma yao akitabasamu. Sauti ya Bosibori ikasikika safi, ikisimulia habari ya miche. Lakini kwenye kioo palikuwa na kitambaa cheusi na chini yake doa linalotetemeka. Nyamoita akainamisha kichwa. Thadeus akasogea karibu na kioo, akanong'ona, "Baba." Kwa Kigusii, baba ndiye mama.

"Mwanga wa siku ile ulikuwa mbaya," Subhash alisema. "Mvua, unajua. Hakuna la kufanya."

"Haya," Thadeus alijibu polepole. "Ni shauri la Mungu. Tutabaki na sauti."

"Si shauri la Mungu," Bijal alisema.

Subhash akageuka. "Bijal!"

"Papa, samahani, lakini sitanyamaza. Bwana Thadeus, uso wa mama upo. Upo kwenye kanda, mimi nimeuona. Mashine yetu ndiyo iliyoukamua. Nipe muda niuingize upya kwa njia nyingine."

Akaiweka kanda kwenye televisheni, wakaona wenyewe. Nyamoita alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Shingo ya Subhash ilikuwa imeiva kwa hasira.

Walipoondoka akasema, "Umeniaibisha dukani kwangu."

"Ulitaka nimwambie mtu kwamba mama yake hafai kuonekana?"

"Diski haina nafasi! Ina harusi ya Keroka, na wanakuja Ijumaa!"

"Nitaifuta. Kanda zao zipo, nitairudia."

Akaketi na kuifuta, baba yake akiwa bado amesimama mlangoni. Akachagua kodeki inayobana kwa upole. Diski ikajaa haraka, kama Kartik alivyosema, hivyo akafanya sherehe kipande kwa kipande: anaingiza, anasahihisha rangi, anarekodi kwenye kanda mpya, anafuta, anaanza tena. Alipofika dirishani alipandisha mwanga kidogo kidogo. Safari hii uso haukupasuka. Weusi wake ulibaki weusi, wenye joto, na machozi yaling'aa pembeni mwa jicho.

Subhash alikuja na vikombe viwili vya chai. Akatazama kwa muda mrefu bila kuketi.

"Harusi tulizokwisha kuuza," alisema hatimaye. "Wale wa ndani ya kanisa..."

"Ndiyo, Papa. Wote wale tumewafuta nyuso."

Akaweka kikombe kimoja mbele ya binti yake. Kartik alipopiga simu jioni kuuliza kama mpangilio wake uko salama, Subhash alimjibu kwamba binti yake ameuondoa, na mwenye neno aje aseme na yeye, baba yake.

Ijumaa bwana harusi wa Keroka akafika, akakuta kazi yake haiko tayari. Akapiga meza, akasema Wahindi na wanawake wao ni waongo, akadai mwenye duka. Subhash akainuka, lakini Bijal alikuwa amekwisha kutoka chumba cha nyuma.

"Kuchelewa ni kosa langu, na naomba radhi," alimwambia. "Lakini ile ya kwanza nimeifuta. Mama wa mke wako alikaa upande wa giza kanisani. Kwa ile usingemwona. Rudi Jumatano, umwone mkweo."

"Na nikikataa?"

"Basi chukua kanda zako, uende kwa atakayemfuta."

Mtu yule akatazama mlango, akamtazama Subhash, ambaye hakumsaidia kwa lolote. Akavuta kiti, akaketi.

"Kabla ya saa sita," alisema. "Jumatano."

"Saa sita," Bijal alisema, akarudi kazini.