Maji ya Kifuani

Mama hakumtaka kabisa Shiundu, mwanamume ninayeishi naye. Siku niliyomwambia nina mimba yake, alinitazama akasema, "Mtoto wa huyo hutamlea." Siku ya tatu kiharusi kikamwangusha jikoni kwake, hapa Njiru. Kwetu Wakamba, laana ya mzazi huondolewa na kinywa kilichoitoa. Na kinywa chenyewe sasa kilikuwa kinasema "ta, ta, ta" tu, na mimba yangu imeingia mwezi wa nane.

Niiteni mshirikina. Kanisani naimba kwaya, lakini mtoto akicheza tumboni nililikumbuka neno lile na jasho likanitoka.

Ndiyo maana kila Jumanne na Ijumaa nilimpeleka Mama kwa Winny, mtaalamu wa tiba ya sindano kando ya Kangundo Road. Winny hadanganyi mtu. "Sindano peke yake siwezi kukuahidi," aliniambia siku ya kwanza. "Kuna wenye husaidika, kuna wenye hapana. Na yale mazoezi ya kuongea mlipewa hospitali, msiache." Mimi nilisikia "husaidika" tu.

Mara ya tisa, sindano nyembamba kama unywele zilikuwa zimesimama utosini mwa Mama. Nikakaa, nikasimama, nikaangalia saa ya ukutani, nikakaa tena.

"Tulia, mrembo, utatoboa sementi," Winny akanitania. "Dakika ishirini ni zile zile."

Kwenye benchi alikuwepo Mzee Maingi, mchonga vinyago, akingoja zamu ya mgongo wake. Nikachukua kikombe, nikampelekea Mama mdomoni.

"Sema maji, Mama. Ma-ji."

"Ta."

"Ma-ji! Jaribu basi!"

Akapiga funda moja, akanikazia macho, kisha akanitemea. Puu! Kifuani, mbele za watu.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu atoke hospitalini alikuwa akinitemea chai, uji, maji, nami nikipangusa huku nimeuma meno. Siku hiyo uvumilivu uliniishia.

"Hata hivi hujatosheka, Mama? Unanichukia kiasi hiki?" nikafoka, nikanyakua kitambaa.

"Wacha hiyo kitambaa!" Mzee Maingi akanguruma. Alikuwa amesimama, mgongo ameusahau. "Wewe ni msichana wa wapi?"

"Njiru."

"Nauliza kwenu."

"Mwala. Lakini nimezaliwa hapa Nairobi."

"Ndio maana. Mzazi akikutemea kifuani, wewe unadhani anafanya nini? Hujawahi kuona mtu akibarikiwa?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa mdogo, tukiaga Mwala, nyanya akapiga funda la maji akamnyunyizia Mama kifuani, nami nikacheka hadi nikafinywa.

Kitambaa kikaniponyoka. Wiki kumi na moja Mama alikuwa akiliondoa neno lake kila asubuhi, na kila asubuhi mimi nikiipangusa baraka yangu na kumfokea juu yake. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

Mama alikuwa analia, sindano zikitikisika kichwani. Nikapiga magoti mbele yake na tumbo langu lote, nikamrudishia kikombe.

"Tena, Mama. Nisamehe. Tena."

Akapiga funda. Safari hii akainama kidogo, akanitemea tumboni.

"Ta," akasema. "Ta, ta, ta."

"Amina," nikaitikia.