Komeo la Banda la Kuku

Mshonaji aliinuka kwenye benchi la gereji mara ya tano, na kila akiinuka alitazama kule kule vilimani, ambako wingu lilikuwa limekaa kama mgeni asiye na nia ya kuaga.

Huko juu ndiko alikokuwa binti yake, mwalimu, mimba ya miezi minane na siku kadhaa. Uzazi wa kwanza alipasuliwa, na daktari alishasema wazi: huyu wa pili azaliwe hospitalini, si pengine. Mkwe alikuwa safarini kikazi. Njia ya kule ni udongo mwekundu mtupu, na mvua ikishaulowesha hata punda huomba radhi. Ndiyo maana Mshonaji aliuza cherehani mbili kati ya tatu alizokuwa nazo, akanunua gari kuukuu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Aliyemchagulia ni mdogo wake, Dereva, ambaye miaka tisa aliliendesha gari hilo hilo kwa tajiri mmoja wa mbao. "Dada, gari hili nalijua kuliko ninavyomjua mke wangu," alijitapa mbele ya ukoo mzima. Mkewe akamjibu pale pale, "Basi kalale nalo."

Sasa gari lilikuwa gereji, boneti juu, na fundi kainama ndani hadi kiunoni. Watu walimwita Fundi Tulia, kwa kuwa hilo ndilo neno alilowaambia wateja wote, hata waliokuja wametulia.

"Oili imezeeka, tunamwaga," alisema. "Mkanda una nyufa, tunabadilisha. Maji ya rejeta yana kutu. Mafuta ya breki ndiyo usiniulize, meusi kama kahawa."

"Kwa hiyo linaweza kwenda?" Mshonaji aliuliza.

"Tulia, mama. Ndiyo kwanza nimemaliza kichwa. Bado tumbo."

Simu ikalia. Alikuwa binti. "Mama, huku upepo umebadilika. Mgongo nao unaniuma tangu alfajiri."

"Unauma kwa kuja na kuondoka, au umekaa tu?"

"Umekaa tu. Lakini mje, mama."

"Tunakuja, mwanangu. Funga mkoba wako uweke mlangoni." Akakata, akamgeukia fundi. "Fundi, mengine tutafanya tukirudi."

"Hapo umesema, dada!" Dereva, aliyekuwa kaegemea gari muda wote, alirukia, huku akishusha boneti, nusura ambane fundi vidole. "Chini nilishaangalia mwenyewe. Kusafi! Panda tuondoke."

"Uliangalia lini?" fundi aliuliza.

"Juzi."

"Ukiwa na jeki?"

"Nina macho, fundi. Jeki ya nini?"

Mshonaji alikwishashika mlango wa gari. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, akamwona mdogo wake anajifuta jasho. Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi. Tena hakuwa akimtazama yeye usoni; alitazama funguo, akatazama geti, akatazama viatu vyake. Tangu utotoni ndivyo alivyokuwa kila alipovunja chungu.

Na Mshonaji, miaka thelathini na zaidi, hakupata kupokea vazi la mtu bila kuligeuza ndani nje. Vazi hurembwa nje, uongo wake uko kwenye mshono. Leo, kwa ajili ya wingu tu, alitaka kuvaa bila kugeuza.

Akaushusha mguu. "Fundi, lipandishe. Nataka kuona upande wa ndani."

"Dada, mvua!"

"Mvua naiona. Wewe ndiye sikuoni."

Fundi akaliinua kwa jeki, akaweka magogo, akaingia chini na tochi. Mshonaji alihesabu pumzi zake, akapoteza hesabu, akaanza upya. Mara fundi akacheka kicheko kikavu.

"Mama, inama uone. Hii ndefu inayokwenda nyuma tunaiita propela. Inapeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Inatakiwa iwepo nyingine kama hii, ya kwenda mbele. Unaiona?"

Mshonaji alipiga magoti kwenye vumbi la oili na kitenge chake safi. Hakuona kitu ila nafasi, na utando wa buibui.

"Lakini taa ya magurudumu manne inawaka ukivuta ile gia yake!" alisema.

"Taa inawaka, ndiyo. Gari limekaribisha wageni wanne, wamekuja wawili. Kwenye ule udongo lingezunguka nyuma tu, likateleza mpaka mtaroni. Na hiyo ya mbele haikudondoka yenyewe. Imefunguliwa kwa spana, taratibu kabisa."

Wote wawili wakamtazama Dereva. Naye alikuwa ameketi juu ya tairi, mdogo ghafla, kama shati lililochemshwa.

"Ilikuwa inavuma," alisema. "Tajiri akawa analalamika gari linakunywa mafuta mno, na sisi hatukuwa tukitoka lami. Nikaifungua. Akanisifu. Nikasahau, dada, wallahi nilisahau. Nimekumbuka juzi, ulipokwisha kulipa."

"Na juzi hukuwa na mdomo?"

"Nilishajitapa mbele ya ukoo mzima. Nikasema nitairudisha kimyakimya. Tena mvua haijaanza..."

"Mficha uchi hazai," fundi alisema, bila kumtazama mtu. "Iko wapi?"

Dereva alijibu kwa sauti ya chini kabisa. "Nyumbani. Ndiyo komeo la banda la kuku."

Mshonaji alifungua mdomo amtukane, tusi lote liko tayari, la mama na la baba, ambao ni wake pia. Likamshinda. "Kimbia," alisema. "Usitembee."

Dereva alirudi kwa pikipiki ya kukodi, kakumbatia chuma chenye manyoya na kinyesi. Fundi alikuwa amekwishamwaga oili ya ekseli ya mbele, ambayo ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamo, akatia nyingine. Viungo vya propela vilikuwa vimeganda kwa kutu. Akavitoa, akatia vipya, akavishindilia grisi mpaka ikafurika. Mshonaji alishika tochi. Wingu lilikuwa limeshuka nusu ya kilima. Kila bolti ilipokazwa, meno yake nayo yalikazana.

Matone ya kwanza yaliwakuta getini. Akamrushia mdogo wake funguo.

"Mimi?"

"Nani mwingine anayelijua kuliko mkewe?"

Mlima waliukuta umeshalowa. Nusu ya mwinuko gari likasita, nyuma likayumba kuelekea mtaroni, na Mshonaji akashika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha akasikia kitu mbele, chini ya miguu yake, kikiuma ardhi na kuvuta. Simu ikalia hapo hapo. Akadhani ni binti. Alikuwa wifi yake: "Nani kaniibia komeo? Kuku wote wako kwenye maharage ya jirani!"

"Muulize mumeo," akasema, akakata.

Binti alikuwa kizingitini, kakalia mkoba, mkono mgongoni, kalowa mabega kwa kuchungulia barabara.

"Mbona mmechelewa hivyo? Nimeogopa, mama."

Mshonaji alimgeukia mdogo wake, akangoja. Mvua ilipiga bati. Dereva alizunguka gari, akamfungulia mlango, akamshika kiwiko ampandishe.

"Nimewachelewesha mimi, mwanangu," alisema. "Kaa vizuri, jifunge mkanda. Nitakueleza njiani, tena yote."